Mwaka Niliokuwa Macho ya Mama

Mjukuu wangu aliniletea daftari la kurasa mia mbili na kalamu tatu. Akasema, "Nyanya, andika mambo ya utotoni. Andika mlivyoishi huko mashambani." Yeye alizaliwa Nakuru, na Ekegusii, lugha yetu, anachojua ni salamu na matusi mawili. Ndiyo maana naandika kwa Kiswahili, lugha niliyofundishwa darasani na kuizoea sokoni, lakini ambayo sijawahi kulia nayo.

Najua anachotaka. Anataka mbuzi, mvua, viazi vilivyochomwa jivuni na watoto wakioga mtoni. Vyote vilikuwepo. Nimeanza mara tatu kuandika habari za mbuzi, na mara zote tatu nimejikuta nimefika kwenye nyumba ile mpya iliyojengwa upande wa juu wa boma letu, na kalamu ikakwama. Basi nitaanzia hapo.

Niseme mapema kwamba mdogo wangu, ambaye bado yuko hai na anakaa karibu na soko la Magwagwa, hakubaliani nami. Anasema nusu ya mambo haya nilijitungia. Mimi humwambia, wewe ulikuwa na miaka minne, ungejua nini? Yeye hunijibu kwamba mimi nilikuwa na tisa, na nilikuwa na mdomo. Hilo la mdomo ni kweli.

Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Baba alikuwa ameacha kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, akarudi nyumbani na koti la kijivu na tabia ya kukaa kimya wakati wa kula. Mama alikuwa amezaa watoto watano, tukabaki watatu, wote wasichana. Kila Jumamosi alituosha miguu akatupeleka kanisani, kwa watu wa misheni wanaoshika Sabato, na baba alitusindikiza hadi kwenye uzio, akaishia hapo. Alipoamua kuoa mke wa pili, mama hakuambiwa. Aliona nguzo zikipandishwa mlimani.

Aliziangalia zile nguzo siku nzima akiwa shambani. Jioni akamuuliza baba, "Unajenga ghala?"

"Hapana," baba akasema.

Hayo ndiyo mazungumzo yote niliyoyasikia kuhusu jambo hilo.

Mke mpya alikuja wakati wa kupalilia wimbi, mvua ikinyesha. Alikuja na mtu mmoja tu, kaka yake, kijana aliyekunywa kibuyu cha maziwa akiwa amesimama na kuondoka bila kulala. Hakukuwa na mashangazi wa kumsindikiza, wala nyimbo. Yeye mwenyewe alikuwa na kikapu kimoja, jembe, na nguo aliyoivaa. Alitoka mbali, huko kusini, karibu na Nyacheki, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Alipotusalimu tulicheka, kwa sababu maneno yetu aliyatamka kwa namna nyingine, akiyavuta pale ambapo sisi tunayakata.

Mama hakucheka. Asubuhi iliyofuata aliniita mtoni, mahali ambapo maji yalipiga kelele kiasi cha mtu kutosikika.

"Wasichana wa hapa wamekwisha?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeoa. "Baba yako amepita vilima vyote hivi, amepita mji wa Kisii, akaenda kumtoa mtu huko. Kwa nini? Na kwao kwa nini wamemtoa haraka hivi, kama mtu anayetupa kitu?"

Nikamsaidia kujaza mtungi.

"Utakuwa unalala kwake," mama akasema. "Mke mgeni hawezi kulala peke yake, na bibi yako ameshakutaja wewe. Sawa. Nenda. Lakini macho yako yawe yangu. Uone anachotia chunguni. Uone anachotupa na mahali anapokitupa. Akikupa chakula, mwache ale kwanza yeye. Na kila asubuhi uje hapa uniambie."

Bibi aliyetajwa hapo ni mama yake baba, aliyekuwa na kijumba chake karibu na migomba. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na neno lake kwenye boma lilipita la baba, ingawa baba hakupenda ionekane hivyo.

Nikahamia nyumba mpya. Mke mpya tulimwita mama mdogo, kama ilivyotakiwa. Siku za kwanza niliogopa hata kumeza mate mbele yake. Alikuwa mwembamba, labda wa miaka kumi na minane, na alikuwa na mikono isiyotulia. Nilimwangalia akipika, nikamwangalia akifagia, nikamwangalia akikata kucha kwa kisu. Kila asubuhi nilishuka mtoni nikamweleza mama, na mama alisikiliza akiwa ameinama juu ya mtungi wake, akiuliza maswali madogo madogo. Jivu alimwaga upande gani? Nywele alizozichana alizitia wapi? Alipika mboga za managu bila chumvi? Peke yake, au na bibi?

Kabla ya kutumwa sikuwahi kuona kwamba watu wanamwaga jivu. Baada ya wiki mbili niliona kila kitu, na kila kitu kilikuwa na sababu iliyofichwa. Kuku akivuka njia, nilitaka kujua anatoka kwa nani. Jirani akimpungia mama mdogo mkono, nilihesabu vidole. Nakumbuka raha ya jambo hilo pia, na hii siifichi. Mama hakuwahi kunisikiliza vile. Nilikuwa mtoto wa kutumwa kuni, na sasa mtu mzima alikuwa akiacha mtungi ufurike ili anisikie.

Nilianza kuona mambo ya ajabu kweli. Mama mdogo alijifunga kitambaa kifuani, chini ya nguo, akakikaza sana, hata jua likiwaka. Mara mbili nilimwona akipasha majani juu ya moto, akayaingiza ndani ya kile kitambaa na kuuma midomo. Nilipomuuliza ni ya nini, alisema, "Ya kifua. Nina baridi." Nyumba ilikuwa na harufu ya maziwa yaliyochacha, na kwake hakukuwa na kibuyu cha maziwa. Siku moja jirani alipita na mtoto mchanga mgongoni, na mtoto akalia. Mama mdogo alikuwa akisaga. Aliliachia jiwe, akajikumbatia kwa mikono yote miwili, akaingia ndani haraka bila kuaga.

Nilipomweleza mama habari za majani, alitua mtungi chini.

"Ya rangi gani?"

"Kijani."

"Majani yote ni kijani, wewe. Mapana au membamba?"

"Mapana."

"Anayaweka kifuani halafu anayapeleka wapi?"

Sikujua. Mama akaniambia nijue. Wiki ile ile mdogo wangu aliharisha siku tatu baada ya kula ndizi iliyochomwa kwenye moto wa mama mdogo. Baba alicheka akasema mtoto amekula ndizi mbichi. Mama hakumjibu. Tangu siku hiyo alitukataza sote kuokota hata punje ya mahindi upande wa juu wa boma.

Basi nikamfuata. Ilikuwa mchana, jua limesimama, watu wote wako kwenye wimbi. Mama mdogo alisema anakwenda kukata majani ya ndama. Hakuelekea kwenye majani. Alishuka kwenye migomba iliyokuwa karibu na kijito, akatazama nyuma mara mbili, akapiga magoti. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya kichaka. Alifungua kile kitambaa. Majani yale mapana yakaanguka, yamenyauka. Kisha akalishika titi lake akalikamua, kama mtu akamuavyo ng'ombe, na maziwa yakaruka chini kwenye udongo. Akakamua moja, akakamua la pili. Hakulia. Alikuwa akihesabu kitu kwa sauti ya chini, au akiimba, sikusikia. Alipomaliza alifukia ile sehemu kwa mkono, akaipiga-piga hadi ikawa sawasawa, akajifunga tena.

Nilikimbia hadi shambani bila kujali miiba. Nilikuwa na uhakika kwamba nimemkamata. Mwanamke asiye na mtoto anatoa maziwa na kuyalisha ardhi ya babu zetu! Nilimwambia mama huku nikihema, nikasubiri anisifu.

Mama aliacha kupalilia. Akaketi pale pale kwenye tuta, jembe likiwa mapajani.

"Yalikuwa mengi?"

"Mengi."

"Meupe kabisa, au ya manjano?"

"Meupe."

Akatazama upande wa juu, kwenye paa la nyumba mpya ambalo nyasi zake zilikuwa bado hazijakuwa nyeusi. Uso wake ulifanya kitu nisichokielewa. Nilikuwa nimezoea kumwona akikasirika, na hii haikuwa hasira.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Bibi yako?"

"Hapana."

"Usimwambie mtu. Ukimwambia mtu nitakukata huo ulimi." Akasimama, akaendelea kupalilia kwa kasi, na wimbi lenyewe lilikuwa likitoka pamoja na magugu.

Kuanzia siku hiyo hakuniita mtoni tena. Nilikwenda mwenyewe, nikasimama pale, akajaza mtungi akapita. Nilipomwambia kwamba jana mama mdogo ameshuka tena kwenye migomba, alisema, "Mwache." Mwache! Mwezi mzima tulikuwa tukitafuta, na sasa tumepata, ananiambia nimwache. Mtoto aliyefundishwa kushuku hawezi kuacha siku moja kwa sababu ameambiwa aache. Sikuwa na mtu mwingine wa kumshuku, nikaanza kumshuku mama.

Nikaona kwamba anapika uji wa wimbi mchana, wakati si wa uji. Nikaona anaupika akiwa ameegemeza mlango. Nikachungulia kwenye ufa wa ukuta, nikamwona akinyoosha mkono juu, kwenye nyasi za paa, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Akakifungua. Ndani kulikuwa na unga mweupe. Akachota kidogo kwa ncha za vidole, akautia kwenye uji, akakoroga, akafunga fundo, akakirudisha kitambaa kwenye paa. Kisha akaumimina ule uji kwenye kibuyu kidogo na kuniita.

"Mpelekee mama yako mdogo. Usionje. Mwambie aumalize wote."

Jamani. Nilipanda ile njia na kile kibuyu kama mtu aliyebeba nyoka. Mama ambaye hakuwa amemsalimu mwanamke yule tangu aje, leo anampikia uji, na unga mweupe, na "usionje". Mama mdogo alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Alipoona kibuyu alishangaa.

"Kimetoka kwa nani?"

"Kwa mama."

Alikipokea kwa mikono miwili, akatabasamu, na sikuwahi kumwona akitabasamu namna ile, meno yote nje. Akakiinua. Nami nikakipiga kwa mkono. Uji ukamwagika kwenye maharage na kwenye miguu yake.

"Usinywe!" nikasema.

"Kwa nini?"

"Usinywe tu."

"Nani kakwambia?" Alikuwa amenishika kifundo cha mkono. "Kuna nini ndani? Mtoto, sema, kuna nini?"

"Mama ametia kitu. Kimefichwa kwenye paa."

Akapiga kelele. Zilikuwa kelele za kuita watu, na watu wakaja, kwa sababu kwetu kilima kimoja kikipiga kelele cha pili husimama kusikiliza. Alikuja bibi, alikuja baba kutoka kwenye boma la ng'ombe, walikuja majirani wawili ambao bibi aliwafukuza. Mama alikuja mwisho, akijifuta mikono. Alitazama uji uliomwagika, akanitazama mimi, na mara moja akaelewa kila kitu.

Bibi alituingiza sote kwenye kijumba chake, akafunga mlango, akaketi mbele yetu.

"Sema ulichokiona," akaniambia.

Nikasema. Ufa, paa, kitambaa, unga mweupe, usionje. Baba alikuwa amesimama, koti lake la kijivu begani ingawa kulikuwa na joto. Alipumua kwa nguvu, puani.

"Mama watoto," akasema, "ni kweli kuna kitambaa kwenye paa?"

"Ni kweli."

"Kilete."

Mama akatoka, akarudi na kitambaa, na mkono wa pili amebeba chungu chenyewe, na uji uliobaki chini. Akafungua fundo mbele ya bibi. Bibi hakugusa. Mama akachota kidogo, akaja mbele yangu.

"Toa ulimi."

Nikamtazama baba. Nikatoa ulimi, nikifunga macho, maana nilijua nakufa. Ilikuwa sukari.

Nilikuwa nimeonja maziwa yenye sukari mara mbili tatu pale misheni, lakini sukari yenyewe, kavu, sikuwahi kuiona. Mama alikuwa ameinunua mjini Kisii, kwenye duka la Waislamu, nusu kikombe, mwaka ule nilipougua surua, na iliyobaki aliihifadhi kwa mgonjwa mwingine. Sote tukaona bibi akionja, akatikisa kichwa. Mama akainua chungu, akaunywa uji uliobaki mbele yetu, akajipangusa mdomo.

"Sawa," baba akasema. "Si sumu. Sasa niambie. Mtu hujamsalimu mwezi mzima, leo unampikia uji wa sukari. Kwa nini?"

Mama alikuwa na jibu. Nilijua analo, na nilijua kwamba akilitoa, mama mdogo atarudishwa kwao kesho yake na nyumba ile mpya itabaki tupu. Ni jambo alilokuwa akilitaka tangu nguzo zipandishwe mlimani. Nikamtazama mdomoni.

"Niliona amekonda," mama akasema.

"Amekonda?" Bibi aliinama mbele. "Sukari ya mgonjwa unampa mtu mzima kwa sababu amekonda? Uji mwepesi wa wimbi, wa sukari? Mimi nimezaa mara tisa. Najua uji huo hupelekewa nani."

Mama alikuwa akiangalia mikono yake. Mama mdogo, aliyekuwa ameketi karibu na mlango na uji ukimkaukia miguuni, ndiye aliyesema.

"Anajua," akasema. "Huyu mama anajua, na hajasema." Kisha akamgeukia baba. "Nina mtoto. Ana miezi mitano. Yuko kwa mama yangu."

Baba hakupiga mtu. Watu wengi wanaponisikia nikisimulia hufikiri nitasema alimpiga. Alivaa koti, akafungua mlango, akatoka, akaenda kwa rafiki yake Magwagwa akakaa huko siku mbili.

Siku mbili hizo niliishi kama mtu asiyeonekana. Mama hakunichapa. Afadhali angenichapa. Wale wanawake wawili walipalilia wimbi pamoja, bega kwa bega, na mimi nikiwa nyuma yao nikikusanya magugu. Nilimsikia mama akisema, "Usiyaache maziwa yakauke. Akija atanyonya nini?" Na mama mdogo akamjibu kitu kwa ile lugha yake ya kuvuta maneno, wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasioaminiana bado. Bibi naye alisema wazi kwamba mtoto hana kosa, aletwe, boma lina nafasi, na kwamba kama baba ana aibu aifunike na lile koti lake.

Siku ya tatu asubuhi baba akarudi. Alisimama mbele ya nyumba mpya.

"Jitayarishe," akasema. "Tunakwenda."

Mama mdogo alikuwa tayari kabla hajamaliza kusema. Mama aliwafungia ndizi mbivu na viazi vilivyochemshwa, na juu yake akaweka kile kitambaa cha sukari. Walishuka mlima, baba mbele, yeye nyuma. Alipofika kwenye kijito aligeuka akapunga mkono, na mama akapunga wake. Kisha mama akasema, taratibu, kana kwamba anajiambia mwenyewe, "Mtu anakwenda kuchukua mtoto wa miezi mitano. Mbona hakubeba blanketi?"

Baba alirudi baada ya siku sita. Alikuwa peke yake.

"Yuko wapi?" mama akauliza.

"Amebaki."

"Na mtoto?"

"Amebaki naye." Akaingia ndani akaomba maji ya kuosha miguu.

Hakusema zaidi, si siku ile wala baadaye. Bibi alimuuliza, na hata bibi hakujibiwa. Nyumba mpya ilifanywa ya ndama, na baada ya mvua mbili paa lake likaanguka upande mmoja. Mama aliendelea kumpikia, kumfulia koti, kumzalia. Alimzalia mtoto wa kiume miaka miwili baadaye, na watu wakasema mambo yamekaa sawa. Lakini kila baba alipoondoka kwenda safari, mama alimtazama mikononi kwanza, aone amebeba nini, na aliporudi alimtazama mikononi tena.

Mimi nilikua. Nilisoma hadi darasa la saba, nikaolewa na mwalimu, na kazi ikampeleka huko kusini, kwenye shule iliyokuwa saa moja kutoka Nyacheki. Watu walikuwa wameanza kuzungumzia kupanda majani chai, na kila mtu alimshuku mwenzake kwamba amepewa miche mizuri zaidi. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Siku ya soko nilikuwa nikichagua ndizi, na mwanamke aliyekuwa akiziuza akaniangalia kwa muda mrefu.

"Wewe," akasema, "ndiye yule wa uji."

Nilijua sauti kabla sijajua uso. Nikaketi kwenye gunia lake. Akanipa ndizi nile. Nilishindwa kuila, tukacheka, maana tulifikiria jambo moja.

Alinieleza bila hasira. Baba hakuwahi kuwa na nia ya kumchukua mtoto. Walipofika kwenye njia ya kwao alimwambia, "Mimi naishia hapa. Waambie wazazi wako ng'ombe wangu wa mahari nitawafuata." Mama mdogo mwenyewe alikuwa anajua tangu walipotoka nyumbani.

"Baba yako hakubeba kitu cha mtoto," akasema. "Hata kikapu."

Nikalia, nikamwambia nimekuwa nikilibeba jambo hili miaka kumi. Kwamba kama nisingekipiga kile kibuyu, asingefukuzwa. Akanyanyua mkono kunikatisha.

"Nilijua ni sukari," akasema. "Kabla ya kuja kwenu nilikuwa yaya mjini Kisii, kwa familia ya Waislamu wenye duka. Nilipika chai kila siku. Uji ule uliponimwagikia nilinusa, nikajua. Nilipiga kelele makusudi. Nilitaka kurudi kwa mtoto wangu na sikuwa na njia. Wewe ulinipa njia."

Nilimtazama machoni. Nilitafuta, kwa ule ufundi niliofundishwa mtoni, mahali ambapo uongo hukaa. Sikuona. Lakini pia sikuamini. Mtu anayeuza ndizi, akimwona mwenzake mwenye mimba ameketi kwenye gunia akilia, anaweza kusema lolote. Wakati huo huo msichana mrefu akaja na kikapu kichwani, akakitua, akanikazia macho.

"Mama, huyu ni nani?"

"Mtoto wa watu," akamjibu. Kisha akaniambia, "Huyu ndiye."

Mdogo wangu husema mtoto alikuwa wa kiume, kwamba bibi alimwambia hivyo. Mimi nilimwona kwa macho yangu, msichana, na chunusi mbili kwenye paji la uso.

Niliporudi kwetu kujifungua nilimsimulia mama yote. Alikuwa akipepeta wimbi. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kupepeta.

"Amesema alijua?"

"Amesema alijua."

"Hakujua," mama akasema. "Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake kwa bibi yako. Magoti yake yalikuwa yakigongana. Mtu anayeigiza hatetemeki magoti. Amekuhurumia tu." Akapuliza makapi. "Lakini mtoto yuko?"

"Yuko."

"Anasoma?"

"Anasoma."

"Basi." Akanipimia wimbi debe nusu, akalifunga, akasema nikirudi kusini nimpelekee. Sikumuuliza kwa nini hakusema siku ile, alipokuwa na neno mdomoni la kumwondoa mke mwenzake. Nimejiuliza mimi mwenyewe mara nyingi, na kila umri umenipa jibu lake. Nilipokuwa msichana nilifikiri aliogopa. Nilipozaa nilifikiri ni huruma. Siku hizi, nikiwa nimekaa na daftari hili, nafikiri kwamba labda alitaka tu kuwe na jambo moja kwenye boma lile ambalo yeye analijua na baba halijui. Huenda nakosea.

Wimbi nililipeleka. Alilipokea, akashukuru, akauliza hali ya mama kama mtu anavyouliza hali ya dada. Miaka miwili tulisalimiana kila siku ya soko, kila mmoja akimwangalia mwenzake kidogo zaidi ya inavyohitajika. Kisha mume wangu akahamishwa. Siku niliyokwenda kumuaga hakuwepo. Nilimwachia salamu mwanamke aliyekuwa akiuza viazi karibu na mahali pake, akasema atazifikisha. Alisema haraka mno, bila kuniuliza mimi ni nani.